Jina tamu la mbwa jike, na namna ya kumzoesha

Swali ninaloulizwa zaidi na wanaochukua mbwa jike kwa mara ya kwanza halihusu chakula wala chanjo. Ni hili: "Dokta, nipe jina tamu la huyu binti." Nalipokea kwa furaha, kwa sababu mimi ni daktari wa mifugo hapa Tanga, nafundisha pia mbwa wa majumbani, na nakutana na majike wengi mno wasio na jina lolote. Tunapochanja vijijini dhidi ya kichaa cha mbwa, mara nyingi wanaoleta mbwa ni watoto, wamewafunga kamba ya katani au kipande cha kanga shingoni. Nikifika kwenye kadi, sehemu ya jina, dume hutajwa palepale: Simba, Popi, Tomi, Jimi. Akija jike, mtoto hutazama chini, humtazama mwenzake, kisha hujibu, "Anaitwa mbwa tu." Dume huhesabiwa mlinzi, jike huhesabiwa mzigo wa watoto wanaokuja. Kwa hiyo mtu akiniomba jina la jike, tena liwe tamu, najua ameshaamua kumlea.

Kipimo changu cha kwanza hakigusi maana ya jina. Toka nje, simama getini, uliite kwa sauti kana kwamba mbwa ameshavuka barabara na bodaboda inakuja. Jina lililopendeza sebuleni linaweza kukukwama kooni hapo. Silabi mbili zinatosha, tatu zinavumilika. Yule jike ambaye Wasovieti walimrusha angani tarehe 3 Novemba 1957 ndani ya chombo cha Sputnik 2 aliwahi kuitwa Kudryavka kabla ya kuitwa Laika. Yaite yote mawili kwa sauti utasikia lipi mdomo unalipenda. Kiswahili kinatubeba katika hili, maana majina yetu huishia na irabu, na irabu ndiyo unayoweza kuivuta ikafika mbali: Kundeee! Asaliii! Mbwa husikia sauti nyembamba hadi kama hezi 45,000 (mitetemo kwa sekunde), wakati sikio la binadamu huishia kwenye hezi 20,000. Kusikia basi si tatizo lake. Kazi aliyonayo ni kulitambua jina lake katikati ya redio ya jirani, kuku na watoto wanaocheza, na hapo jina linaloanza na sauti kavu kama k, t, p au ch hupenya vizuri kuliko linaloanza kwa kunong'ona.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni amri. Nala, kwa mfano, ni jina ninalolikuta kwa majike wengi wa mjini, na ni zuri kweli. Lakini nyumba hiyohiyo humwamrisha mbwa "lala". Baada ya muda wananiletea malalamiko kwamba kila akiitwa, badala ya kuja, anajilaza chini na kutikisa mkia. Mnyama huyo hana kosa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd mjini Budapest, Hungaria, walipima ubongo wa mbwa wa majumbani kwa vinasa umeme vilivyobandikwa kichwani. Mbwa walitofautisha neno wanalolijua na neno la kubuni lisilofanana nalo hata kidogo. Lakini neno la kubuni lililotofautiana na lile la kweli kwa sauti moja tu, ubongo wao ulilipokea kama ni lilelile. Nala na lala vimetengwa na sauti moja.

Hapa kwetu tatizo ni kubwa maradufu kwa sababu nyumba moja huamrisha kwa lugha mbili. Baba anasema "sit", dada wa kazi anasema "kaa", watoto wanasema lolote. Kaya inagongana na "kaa", Sita inagongana na "sit", Nono inagongana na "no", Chacha inagongana na "acha". Nawaomba wenye mbwa wachukue karatasi, waandike maneno yote ambayo kila mtu nyumbani atamwambia mbwa, ndipo waanze kutafuta jina mbali na orodha hiyo. Na kama kuna mbwa mwingine uani, jina la mgeni lisiwe pacha wa jina la mwenyeji. Ukiwa na Tina na Dina, utakuwa unawaita wote wawili kila siku.

Koko nalikataa waziwazi. Najua Wazungu wanalipenda na linaandikwa kwa herufi nzuri, lakini mtaani mbwa koko ni mbwa asiye na mwenyewe. Jike wako akitoka getini usiku, nisingependa hata jina lake limweke kundi hilo.

Sasa majina ya watu. Neema, Rehema, Zawadi, Pendo, Lulu, Waridi, Asumini, Malaika: yote matamu, yote yanakuja haraka kichwani, na yote yana wenyewe. Kwetu jina la mtu lina wajina wake. Bibi aliyefariki ameachia wajukuu jina, shangazi analo, mkwe analo. Siku mkweo anakuja kukusalimu na wewe unafoka uani, "Rehema, toka jikoni!", hakuna maelezo yatakayorudisha uso wake. Mwaka 2016 huko Nigeria mtu alikamatwa na polisi kwa kumwita mbwa wake Buhari. Rais wa nchi wakati ule alikuwa Buhari, lakini malalamiko yalitoka kwa jirani ambaye baba yake pia aliitwa hivyo. Nauelewa kabisa uchungu wa jirani huyo.

Pwani kuna la ziada. Wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafii, ambayo mate ya mbwa ni najisi nzito, na mbwa wa ulinzi hukaa uani, haingii ndani. Mtu anaweza kumfuga vizuri sana kwa utaratibu huo: chombo chake peke yake, kivuli, maji, chanjo. Lakini kumpa jina la Aisha, Fatuma, Halima au Mariamu ni kuwaumiza watu bila sababu. Hata Tende, ambalo kwa sauti ni jina zuri la mbwa wa kahawia iliyoiva, mimi silipendekezi kwa mtaa ambao watu hufungulia tende magharibi ya Ramadhani. Utamu wa jina unapimwa pia kwa masikio ya wanaoishi upande wa pili wa ukuta.

Basi twende wapi? Mimi hupeleka watu jikoni na sokoni. Huko kuna majina matamu kwelikweli, hayana wajina, na mengi yanafanana na rangi za mbwa wetu. Kunde ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mbwa wetu wa kienyeji wengi wana ile rangi ya maji ya kunde, jina lina silabi mbili, linaanza na k, na halikaribiani na amri yoyote. Asali ni la jike wa manjano iliyokolea. Halua ni la yule mwekundu-kahawia mwenye manyoya yanayong'aa kama halua ya Unguja au ya Muskati ikitoka sufuriani. Kashata ni la mwenye mabaka meupe na kahawia; ni refu kidogo, ila Kasha linatosha kwa kila siku, mradi nyumba nzima ikubaliane. Tui ni la mweupe. Iliki, Choroko, Ufuta, Kungu, Bungo, Dafu, yote nimeyaandika kwenye kadi na hayajawahi kuniletea ugomvi. Karafuu hupendwa na watu wa Pemba na Unguja kwa jike mweusi mdogo, nami nakubaliana nao, ingawa watoto wataliita Kara kabla ya wiki kwisha. Ukitaka kutoka jikoni, tazama ndege: Tetere na Chiriku ni majina mepesi ya jike mchangamfu.

Kuna pia majina ya mafumbo. Watasema, Mtajiju, Sijali. Mwenye nyumba anagombana na jirani, anampa mbwa ujumbe wa kupeleka. Naelewa asili yake, kanga zetu zimejaa lugha hiyo, lakini kanga huvuliwa ikafuliwa. Mbwa ataishi na ugomvi wenu miaka kumi na zaidi, na kila anayemwita atakuwa amekasirika kidogo. Mbwa anaisikia hasira hiyo. Watafiti wa Budapest walionyesha mwaka 2016, kwa mashine inayopiga picha za ubongo, kwamba sehemu ya ubongo wa mbwa inayohusika na raha huamka pale tu neno la sifa linapotamkwa kwa sauti ya sifa. Neno zuri kwa sauti ya kawaida isiyo na sifa halikutosha, wala sauti tamu yenye neno lisilo na maana kwake.

Ndiyo maana jina likishachaguliwa, kazi kubwa ni kulijaza mambo mema. Mtoto wa mbwa wa wiki nane anaanza siku hiyohiyo. Kata ini lililochemshwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, au tumia dagaa wasio na chumvi. Subiri aangalie pembeni. Sema "Kunde", mara moja tu, kwa sauti changamfu. Akigeuza kichwa, kipande kiwe mdomoni mwake kabla hajafikiria jingine. Rudia mara chache, acha akiwa bado anataka, rudi tena jioni. Wanaosema "Kunde Kunde Kunde Kunde" mfululizo wanamfundisha kwamba jina ni kelele ya kusubiri iishe. Na kwa miezi ya mwanzo usimwite kwa jina lake ili umwogeshe, umchome sindano au umgombeze. Mfuate alipo, umshike taratibu. Ameharibu kiatu? Sema "acha", jina liweke kando.

Jike aliyekuja akiwa mkubwa anaweza kubadilishiwa jina bila shida yoyote. Kwa siku kadhaa tanguliza jipya, fuatisha la zamani: "Asali, Popi!", kisha mpe kitu. Akianza kugeuka kwenye Asali kabla hujafika Popi, la zamani limemaliza kazi. Ila kama alipigwa huku akiitwa kwa jina hilo, utamwona ukilitaja anafyata mkia na kushusha masikio. Hapo usilitumie hata mara moja. Anza na jipya mahali patulivu, kaa chini usimsimamie kichwani, weka ini mbele yako, na mwache aje kwa hatua zake.