Kocha aliyesajili wachache hajalala

Kila msimu wa usajili, mashabiki wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu hurudia yaleyale: kocha aliyesajili vijana 15 wa sekondari kalala, aliyesajili 25 ndiye anayejua kazi. Imani hii ni ya miaka mingi, ila hesabu yake haisimami.

Kuanzia 1994 hadi 2025, timu ya daraja la juu iliruhusiwa wachezaji 85 tu wenye ufadhili wa masomo kwa wakati mmoja. Kwa muda mrefu kulikuwa pia na kikomo cha wapya 25 wanaoanza ufadhili kwa mwaka. Sasa zidisha: 25 mara miaka minne ni 100, na wengine hukaa mitano. Hao 15 wa ziada waende wapi? Mwaka 2009 Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, ilisaini 37, zaidi ya wanaoweza kuanza, nayo ligi yake, SEC, ikaweka kikomo cha kusaini 28 kwa mwaka.

Kumbe idadi ya wapya huamuliwa na wanaoondoka. Ukijaza 25 kwa mkupuo, nao wakamaliza pamoja, utabaki na mstari wa mbele wa vijana wa miaka 18, bado wembamba, wakisukumana na wanaume wa miaka 22. Ndiyo maana makocha makini husambaza usajili kwa nafasi: mrusha mpira mmoja kila mwaka, kwa mfano.

Kikomo cha 25 kilifutwa 2023. Siku hizi nafasi nyingi hujazwa na wanaohama kutoka vyuo vingine, ambao hawamo kabisa katika ile hesabu ya vijana wa sekondari.