Rekodi za kiutawala katika kutambua matatizo ya pombe na dawa za kulevya

Rekodi za kiutawala ni taarifa ambazo taasisi huandika ili kazi zake za kila siku ziende. Hospitali humwandika mgonjwa aliyelazwa, duka la dawa huandika dawa iliyotolewa kwa cheti, polisi huandika kosa. Watafiti huja baadaye na kuzisoma kwa swali lao: ni nani humu ambaye pombe au dawa za kulevya zimeshamletea matatizo?

Njia hii ilipendwa kwa sababu dodoso lina udhaifu wake. Mtu akiulizwa anakunywa kiasi gani hupunguza, na aliyezama zaidi mara nyingi hata hapatikani aulizwe.

Sweden ni mfano mzuri. Wakazi wake wana namba ya utambulisho tangu 1947, kwa hiyo rekodi za ofisi tofauti zinaweza kuunganishwa, kisha watafiti wakapewa zikiwa hazina majina. Rejesta ya wagonjwa, iliyoenea nchi nzima mwaka 1987, hutumia misimbo ya kimataifa ya magonjwa: F10 ni matatizo ya akili na tabia yanayotokana na pombe, K70 ni ugonjwa wa ini uliosababishwa na pombe. Rejesta ya dawa, tangu Julai 2005, huonyesha aliyechukua disulfiramu, dawa inayomfanya mtu augue vibaya akigusa pombe. Dawa hiyo haiandikwi kwa mafua, ndiyo maana ni ushahidi mzito. Kuna pia makosa ya kuendesha gari mtu akiwa amelewa.

Lakini kinachoandikwa ni siku ambayo mtu alikutana na taasisi. Anayekunywa kila usiku nyumbani kwake, hajagonga gari na ini lake halijalalamika, hayumo. Hayumo pia mama anayeogopa kunyang'anywa watoto akienda kuomba msaada. Rejesta ya wagonjwa ya Sweden haichukui hata huduma za afya ya msingi, na huko ndiko wengi hulisema jambo hili kwa mara ya kwanza. Kijana wa mtaa unaopigwa doria kila siku, yeye huonekana haraka. Na kwa kuwa Sweden ilifanya kutumia dawa za kulevya kwenyewe kuwa kosa mwaka 1988, rekodi ya polisi huko inaweza kumchanganya aliyejaribu mara moja na mraibu wa miaka.

Kwa Tanzania, kliniki ya methadoni (dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini) iliyofunguliwa Muhimbili mwaka 2011 ina kumbukumbu za waliofika. Wa kijiweni ambaye hajafika, kumbukumbu hizo hazimjui.

Kuwakadiria wasioonekana, watafiti hutumia hesabu ya wavuvi. Tia alama samaki 100, uwaachie. Ukivua tena 50 na 10 wakawa na alama, bwawa lina kama 500. Badala ya samaki, linganisha orodha ya kliniki na ya polisi: walio kwenye zote mbili ndio samaki wenye alama. Hesabu inasimama tu kama orodha hizo hazitegemeani. Polisi wakiwavizia watu mlangoni pa kliniki, imeharibika, na watu wameumizwa.

Kwangu, rekodi hizi zinafaa kupangia huduma za jamii nzima. Kumpima nazo mtu mmoja anayeomba kazi ni kumdhulumu, maana aliyeacha pombe huacha tu kuonekana, na kwenye rejesta anafanana kabisa na aliyehama au anayejificha.