Bega halitoki tena lakini linauma: hebu tuelewane kuhusu oparesheni ya bega

Miezi hii kliniki yetu ya mifupa hapa Mombasa tunapokea lalamiko moja tu, mtu alipasuliwa bega zamani kwa sababu lilikuwa likitoka mahali pake, miaka saba, kumi, kumi na mbili, sasa anarudi amekunja uso, bega linauma au haligeuki vizuri, "daktari mulinambia nimepona". Nimeombwa niandike kidogo kwa sababu tukielezana mmoja mmoja pale dirishani hatutamaliza.

Kuna makanga mmoja. Bega lake lilianza kutoka kwa kuning'inia mlangoni, mkono juu umeshika chuma, matatu ikakata kona ya Buxton, bega hilo nje. Mkono ukiinuliwa halafu ukageuzwa nje, huo ndio mkao mbaya kuliko yote kwa bega lililolegea. Mpaka anafika kwetu lishatoka mara kumi na kitu, mara nyingine alijirudishia mwenyewe, mara nyingine alirudishiwa na mzee wa kuchua mtaani kwao. Akapasuliwa, akawekewa kipande cha mfupa na skrubu mbili. Miaka tisa sasa halijatoka hata siku moja. Juzi nikamwambia abane viwiko ubavuni ageuze mikono yote miwili nje kama anafungua pazia, wa kushoto ukaenda vizuri, wa kulia ukakwama vidole vinne hivi nyuma ya mwenzake. "Waona? Mulikosea."

Hatukukosea. Kazi ya oparesheni hii ni kuzuia bega lisitoke, na hilo tulimwambia na fomu akatia sahihi. Kulikaza bega kuna bei yake, na bei yenyewe mara nyingi ndio hivyo vidole vinne.

Bega ni kama chungwa juu ya kisahani, sahani ni ndogo na haina kina, kinachosaidia ni ukingo wa gegedu (ule mfupa laini) pembeni pamoja na kano. Likitoka mara ya kwanza ukingo wa mbele huchanika. Kila likitoka tena sahani inamung'unyika mbele na chungwa linabonyea nyuma. Kama mfupa wa sahani bado upo tunashona ukingo tu, siku hizi kwa matundu madogo na kamera. Kama mfupa umeliwa kushona peke yake hakutoshi, tunahamisha kipande cha mfupa na misuli yake tunakipiga skrubu pale mbele, njia aliyoielezea Mfaransa Michel Latarjet mwaka 1954. Hii ya mfupa inashikilia zaidi miaka inavyoenda, ila ina mambo yake, skrubu inaweza kusumbua, mfupa ule unaweza kuyeyuka kidogo, neva ziko karibu sana. Ya kushona ni nyepesi, lakini kijana chini ya miaka 20 anayerudi kwenye raga anaweza kulitoa tena hata baada ya miaka mitano, na hapo si kwamba uzi ulikuwa feki jamani!

Sasa hii ya maungio ya bega kulika. Watu wanaamini kisu ndicho kilicholeta maumivu ya uzeeni. Uswidi walifuatilia watu ambao bega liliwatoka kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka 40 kurudi chini, wakawafuata miaka 25, na wengi wao hawakupasuliwa kabisa. Zaidi ya nusu eksirei zilionyesha dalili za kulika kwa maungio, mpaka baadhi ya wale ambao lilitoka mara moja tu. Kwa hivyo kule kutoka kwenyewe kushaumiza gegedu, sisi tunakuja baadaye. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa kufunga mkono shingoni wiki tatu au nne hakukupunguza kutoka tena, kwa hivyo mama anayenambia "mwanangu hakufungwa vizuri" namuomba aliwache hilo.

Mwenye kifafa atulize degedege kwanza kwa dawa ndio tuzungumze kisu, degedege moja linaweza kung'oa kazi yote.

Utaratibu sasa, na hapa tafadhali someni pole pole. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali ni SHA, sio NHIF ya zamani, kadi yake iwacheni nyumbani. Ruhusa ya SHA inaombwa kabla ya kupasuliwa, sio ukiwa wodini ushavaa gauni. Uje na kitambulisho, barua ya rufaa na eksirei zote, hata ile iliyokunjwa chini ya godoro. Kutibiwa kwa jina la ndugu yako ni kosa kisheria, na faili lenye kundi la damu na mzio wa mtu mwengine linaweza kukuua mezani. Ukikosa kliniki bila kupiga simu unarudi mwisho wa foleni, usinitumie shangazi aniombe. Ukipasuliwa omba karatasi ya kutoka iandikwe umewekewa nini, skrubu ngapi, bega gani, maana miaka kumi baadaye daktari mwengine atataka kujua na wewe utasema "waliweka chuma".

Fizio, yaani mazoezi ya bega baada ya kupasuliwa, ni miezi, sio wiki mbili. Michezo ya kugongana kwa kawaida tunaiwacha mpaka karibu miezi sita.

Yule makanga nilimuuliza siku hizi anashikilia wapi garini. Akacheka, akasema yeye sasa ni dereva.