Mtoto wa Miezi 4 Anayesimama Dede

"Munganga, ona huyu wangu alivyo na nguvu!" Mama anamsimamisha kichanga wa miezi 4 juu ya mapaja yake, na kweli mtoto ananyooka kama mti. Mimi ni kine, nafanya kazi ya mazoezi ya viungo hapa Bukavu, na nguvu za namna hiyo hunitia wasiwasi. Namwomba mama amlaze. Miguu inapishana kama mkasi. Kumfunga nepi ni vita, mapaja hayafunguki. Nikimshika mikono nimvute aketi, hakunji kiuno, anasimama wima. Hapo misuli imekakamaa, na hiyo ni moja ya dalili za mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa misuli na mwendo unaotokana na jeraha la ubongo, ule unaoandikwa IMC kwenye karatasi zetu za hospitali.

Dalili nyingine hushangiliwa kabisa: mkono. Mtoto hajatimiza mwaka, kila kitu anakichukua kwa kushoto, nyanya anacheka, "Karithi kwa babu yake!" Lakini katika umri huo mikono yote miwili hufanya kazi. Ushike taratibu ule anaoupenda, kisha mpe kijiko upande wa pili. Asipojaribu hata kukifikia, au mkono huo ukibaki ngumi na kidole gumba ndani, mleteni.

Wanaolegea huonekana upesi: miezi 4 imepita shingo haijakaza, miezi 9 hajaketi. Aliyezaliwa miezi 2 kabla ya wakati, toa kwanza hiyo miezi 2 kwenye umri wake.

Dalili moja peke yake haitoshi, kwa hiyo nauliza pia. Alilia alipozaliwa? Macho yaligeuka manjano sana siku za kwanza? Aliwahi kushikwa na degedege, malaria ya kichwa, homa ya uti wa mgongo? Wakati mwingine hakuna jibu. Kwetu pengo hilo hujazwa haraka na karuho, sumu ambayo watu husema hutiwa kwa siri, au jirani mwenye wivu, na familia huzunguka vyumba vya maombi hadi mtoto afike kwangu na miaka 3, visigino havigusi chini tena. Waombe, sina neno. Ila jeraha la ubongo lenyewe haliongezeki, ni misuli inayozidi kufupika tukingoja.

Siku ya kupima kilo, mvue mtoto nguo zote na umwombe muuguzi amtazame akichezacheza. Shingo ikishakaza, mbebe mgongoni kwa kitenge, miguu ikiwa imepanuliwa: kwa mapaja yaliyokaza, hayo tayari ni mazoezi.