Tone la mafuta juu ya slaidi: dhana potofu kuhusu kupinda kwa mwanga

Anayejifunza kusoma slaidi ya malaria, yaani kipande cha kioo chenye damu ya kupimwa, huelekezwa adondoshe tone la mafuta kabla ya kuzungusha lenzi ya hadubini ya mara 100, na wengi hubaki wakiamini kwamba mafuta hayo huzuia lenzi isikwaruzwe, au kwamba ndiyo yanayokuza. Sivyo. Lenzi hiyo, pamoja na ile ya jichoni ya mara 10, hukuza mara 1,000; mafuta hayaongezi kitu hapo. Kazi yake ni kuuzuia mwanga usipinde.

Katika ombwe, yaani mahali pasipo na kitu hata hewa, mwanga husafiri takribani kilomita 300,000 kwa sekunde, ilhali ndani ya kioo hushuka hadi karibu 200,000, na badiliko hilo la kasi ndilo linaloupinda unapovuka mpaka kwa mshazari. Ukivuka wima kabisa haupindi, ingawa kasi hubadilika vilevile. Fahirisi ya mpindo, yaani namba inayoonyesha mwanga umepunguziwa kasi mara ngapi, ni karibu 1.52 kwa kioo cha slaidi na 1.00 kwa hewa. Kwa hiyo miale inayotoka kiooni kwenda hewani hutawanyika, na ile iliyoinama zaidi ya nyuzi 41 kutoka mstari wima haitoki kamwe, bali hurudishwa ndani. Hasara iko hapo, kwa kuwa miale iliyoinama sana ndiyo inayobeba undani wa vitu vidogo, kama kipete (umbo la pete) cha kimelea cha malaria ndani ya chembe nyekundu ya damu yenye upana wa maikromita 7 hivi (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Mafuta ya hadubini yana fahirisi ya 1.515, hivyo mwanga hupita kana kwamba kioo kimeendelea hadi kwenye lenzi. (Yakigusa lenzi ya mara 40, ambayo hutumika kavu, taswira hufifia mpaka lenzi ifutwe.)

Wengine hudhani kwamba kitu kizito zaidi ndicho kinachopinda mwanga zaidi. Mafuta ya kupikia huelea juu ya maji, lakini fahirisi yake ni karibu 1.47, na ya maji ni 1.33.

Dhana sugu kuliko zote ni kwamba ukikuza zaidi utaona zaidi. Mwaka 1873 Ernst Abbe, mwanafizikia Mjerumani, alionyesha kwamba urefu wa wimbi la mwanga wenyewe huweka kikomo cha udogo wa kinachoweza kuonekana, ambacho kwa hadubini ya kawaida ni karibu maikromita 0.2. Ukibadilisha lenzi ya jichoni uweke ya mara 20, kimelea kitaonekana kikubwa maradufu, na ukungu wa kingo zake nao utakuwa maradufu.