Kompyuta imewaka, sasa tuipige mfumo gani?

Binti mmoja mwenye steshenari Mwanakwerekwe alinipigia simu roho juu. Vipande vya kompyuta alivyoagiza Dar vimefika na boti, mdogo wake ameviunga vizuri, feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini kioo kimebaki cheusi na mstari mmoja wa herufi nyeupe unaosema hakuna diski ya kuwashia. "Kaka, nimeuziwa kibovu?" Nikamwambia hapana dada, mashine yako nzima kabisa, haina mfumo endeshi tu, yaani programu kuu inayoiendesha, kama Windows. Laptopu mpya ya dukani mara nyingi huja na Windows yake, leseni imo ndani ya bei. Ya kuunga mwenyewe huja tupu, kama nyumba mpya ambayo hata mkeka haujatandikwa.

"Basi nipigie Windows gani?" Swali hilo naulizwa kila wiki, na mimi hujibu kwa swali jengine: kompyuta itafanya kazi gani, na faili utakazofungua zinatoka kwa nani? Ukishajua hayo mawili, mfumo karibu unajichagua wenyewe. Na bora uyajue kabla hujanunua prosesa, ambayo ni ubongo wa kompyuta, na mazabodi, ubao unaobeba vipande vyote, maana mfumo nao una bei na masharti yake.

Kwa binti huyu jibu lilikuja upesi. Steshenari inaishi kwa faili za watu. Mteja analeta flashi, ndani mna CV iliyoandikwa kwa Word, anataka kurasa zake mbili. Kwenye Linux, mfumo mwengine usio na bei, utaifungua kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, na itafunguka. Fonti ya Calibri haimo, lakini mahali pake hukaa Carlito, ambayo upana wa herufi zake umepimwa ulingane na Calibri, kwa hiyo mistari mingi hukatika palepale. Shida iko kwenye majedwali na visanduku vya picha. Jedwali la wadhamini linasogea kidogo chini, jina la mwisho linaangukia ukurasa wa tatu peke yake, na mteja analipa kwa ukurasa. Utabishana naye mchana kutwa ilhali foleni inangoja. Tena picha za pasipoti binti anazitengeneza kwa Photoshop, na Adobe haijatoa Photoshop ya Linux, kama Microsoft isivyotoa Office ya Linux. Nikamshauri Windows 11, na nikamwambia ainunue leseni.

Hapo wengi hununa. Leseni ni pesa, na mtaani Windows ya kukraki hupigwa kwa bei ya chakula cha mchana. Lakini fikiria programu ya kukraki inakuomba nini kwanza: uzime ulinzi wa virusi. Unamfungulia mlango mtu usiyemjua, kisha unamkabidhi funguo. Niliwahi kuletewa kompyuta ya duka moja iliyopigwa hivyo. Faili zote zimeota mkia mpya baada ya jina, hakuna inayofunguka, na kila folda ina barua ya kudai pesa. Hesabu za miaka zilikuwamo humo. Nilichoweza kumrudishia mwenyewe ni kile kidogo alichokuwa amekinakili kwenye flashi. Nilimkabidhi nikiwa na majonzi, na tangu siku hiyo siipigi Windows ya kukraki kwa mtu yeyote, hata ndugu yangu.

Ukinunua, jua unanunua aina gani. Leseni ya OEM, ile ya waunda kompyuta, hufungwa na mazabodi. Mazabodi ikiungua, nayo imekwenda. Leseni ya rejareja unaweza kuihamishia mashine nyengine.

Windows 10 usiipige kwenye mashine mpya. Masasisho yake ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka TPM 2.0, sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri ndani ya kompyuta, na orodha yake rasmi huanzia Intel kizazi cha 8 na Ryzen za mfululizo wa 2000, isipokuwa chache. Nalisema hili kwa sababu prosesa za Intel kizazi cha 6 na cha 7 zilizotumika ni rahisi kuzipata, mtu anajenga mashine nzuri juu yake, kisha Windows 11 inamkatalia. Kwa ramu, kumbukumbu ya kufanyia kazi, sharti ni GB 4 lakini kwa hizo utateseka. Weka 16, au 8 ikiwa mkono ni mfupi.

Kuna mahali pawili panapokwamisha watu wakati wa kuipiga. Pa kwanza ni intaneti: Windows 11 inaidai katikati ya safari ili uingie kwa akaunti ya Microsoft, na mara nyingi draiva, yaani programu ya kuitumia Wi-Fi au waya wa mtandao wa mazabodi mpya, haimo kwenye flashi ya usakinishaji. Unabaki kwenye ukurasa huo huo hadi usiku. Chukua simu ya Android, ichomeke kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB. Kwa kawaida kompyuta huiona kama kadi ya mtandao bila draiva ya ziada. Pa pili ni BitLocker, kufuli ya Windows inayofunga data za diski, ambayo matoleo ya karibuni huweza kuiwasha yenyewe kimyakimya unapotumia akaunti hiyo. Ukisasisha bayosi, programu ndogo ya ndani ya mazabodi, au ukibadilisha mazabodi inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo hukaa kwenye akaunti yako, kwa hiyo usifungue akaunti kwa barua pepe ya fundi. Fundi akihama, data zako zimehama naye. Uandike kwenye karatasi, uweke pamoja na hati za nyumba.

macOS, mfumo wa Apple, siigusi: leseni yake ni ya mashine za Apple tu.

Wiki hiyo hiyo alinijia mwalimu wa skuli moja ya Wete. Kompyuta ya mezani ya chumba cha walimu, iliyoungwa kwa vipande vilivyotumika, prosesa ya kizazi cha 6, ramu GB 8. Kazi ni kuandika mitihani, kujumlisha alama, kuchapa. Faili ni zao wenyewe, hakuna mteja wa kuhesabu kurasa. Intaneti ni bando la simu ya mwalimu. Huyu sikusita: Linux Mint, moja ya aina za Linux. Imejengwa juu ya Ubuntu, Linux nyengine iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa utu wetu. Mint 22 inapata masasisho hadi 2029, leseni haina bei, na masasisho yanangoja ruhusa yako badala ya kula bando usiku. Windows nayo unaweza kuiambia kwamba mtandao ni wa bando ikapunguza kupakua, ila lazima ukumbuke kuiambia.

Alikuwa na wasiwasi mmoja, mtihani wa Kiarabu. Tulikaa tukaufanya pamoja. Kwenye LibreOffice ukiwasha lugha zinazoandikwa kutoka kulia, unaongeza kibodi ya Kiarabu, unapakua fonti ya Amiri bila malipo, aya inakaa na irabu zake zote juu na chini ya herufi. Akaisoma kwa sauti kutoka kwenye kioo, akatabasamu. LibreOffice ina hata kamusi ya tahajia ya Kiswahili, kwa hiyo kosa la herufi kwenye swali la Darasa la Sita linapigiwa mstari kabla halijachapwa.

Pesa ambayo ingeenda kwenye leseni nilimwambia anunue UPS, betri ya akiba ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika. Kompyuta ya mezani haina betri, na sisi tunaokumbuka giza la Unguja la Disemba 2009 hadi Machi 2010 hatuhitaji kufundishwa habari ya umeme. Linux na Windows zote huweka daftari la mabadiliko ya diski ili zijirekebishe baada ya kuzimika ghafla, lakini umeme ukikatika katikati ya sasisho, mfumo wowote unaweza kugoma kuwaka.

Wanaotaka Windows na Linux kwenye mashine moja, wekeni kila mfumo diski yake. Mtaona pia saa imekwenda mrama: Windows huandika kwenye mazabodi saa ya hapa, Linux huandika ile ya UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele yake kwa saa 3, basi kila ukibadilisha mfumo saa inaruka. Kwenye dirisha la amri la Linux andika timedatectl set-local-rtc 1, itatulia.

Binti wa Mwanakwerekwe amelipia leseni yake na anachapa. Flashi ya mwalimu iko mezani kwangu, ina Mint na fonti ya Amiri ndani yake. Kesho asubuhi naipeleka bandarini Malindi ipande meli ya Pemba.