Je, wajua kwa nini mbwa wa mbio akipotea humkimbia hata aliyemlea?

Mbwa mrefu, mwembamba, mbavu zinahesabika, anakatiza njia panda ya Mnazi Mmoja mkoani Lindi, pale barabara ya Mtwara inapoachana na ya Masasi, na kuzama kwenye mikorosho. Mwenyewe anafika, anamwita kwa jina, anapiga mbinja. Mbwa anasimama, anamtazama, kisha anatimka. Walioko kibandani hutoa hukumu papo hapo: ana kichaa. Mwingine mpole zaidi atasema amemsahau bwana wake. Mara nyingi wote wawili wamekosea, na la kusahau ndilo linalowapoteza hata wafugaji wazoefu.

Tuanze na kichaa, maana ni jambo la hatari. Mbwa mwenye kichaa kwa kawaida hupoteza woga. Huzurura bila shabaha, hung'ata vitu visivyomhusu, taya hulegea na udenda humtoka. Anayesimama mita sitini, akapima umbali, akaondoka ukisogea na kusimama tena ukisimama, anafanya hesabu, tena nzuri. Lakini tabia peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu ipo sura ya kichaa iliyo kimya. Ugonjwa huu upo nchini, na chanjo yake ni ya kila mwaka. Aking'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa hilo la kusahau. Saluki, greihaundi na jamaa zao ni mbwa waliozalishwa kwa karne nyingi wawinde kwa macho: waone paa mbali, wamfukuze kwa kasi inayopita kilomita 60 kwa saa. Kumbukumbu wanayo kama mbwa wengine. Kinachowatokea wakipotea kinafanana zaidi na simu iliyobakiza chaji asilimia tatu. Mwanga unafifia, data inakatika, programu zinajifunga. Namba yako bado imehifadhiwa humo, ila simu haina nafasi ya kuitafuta. Mwili wa mbwa aliyekimbizwa siku mbili umejaa adrenalini na kotisoli, homoni za hofu, na kazi pekee iliyoachwa wazi ni kubaki hai. Tangu atoroke, kila aliyemjia mbele alikuwa anamfukuza, na kila aliyepaza sauti alikuwa anawaita wenzake. Nawe unakuja mbele huku umepaza sauti. Aumwaye na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Macho yake nayo hayakusaidii. Yametengenezwa kukamata mwendo kuliko sura. Katika jaribio la 1936 lililofanywa kwa mbwa 14 wa polisi, waliomudu zaidi walitambua kitu kinachosogea kikiwa mita 810 hadi 900, lakini kitu hichohicho kikitulia, walikiona kuanzia mita 585 au pungufu. Kwa undani wa picha, mbwa hushindwa na binadamu: unachokitambua wewe ukiwa mita 23, yeye hukitambua akiwa mita 6 hivi. Mbwa wenye pua ndefu, zaidi ya hapo, wana ukanda mpana wa ulalo nyuma ya jicho ulioshonana chembe za kuonea, kama mtu anayechungulia bahari yote kupitia ufa mrefu wa ukuta wa makuti. Upeo wote anauona. Uso wako hausomi. Kwenye mita mia wewe ni umbo lililosimama wima linalokuja upesi.

Kinachokata shauri ni pua. Na pua haifanyi kazi mpaka harufu ifike, jambo ambalo watafutaji wengi hulisahau kabisa. Muuza samaki wa kukaanga huwanasa walio upande upepo unakoelekea. Aliye upande wa pili anapita na njaa yake. Msimu wa kusi, basi, mtu akae kusini-mashariki mwa mbwa. Msimu wa kaskazi, kaskazini-mashariki. Alfajiri karibu na pwani hesabu hubadilika kwa sababu upepo wa umande huvuma kutoka bara kwenda baharini, kwa hiyo dondosha kiganja cha vumbi kwanza uone linaelekea wapi. Kaa chini, mgeuzie ubavu, usimkazie macho. Tupa vipande vya nyama pembeni, bila kumwita. Wanaofanya kazi hii husimulia kwamba mbwa hunusa, hutulia, halafu hubadilika ghafla, mkia unashuka na kuanza kutikisika, kama mtu aliyeamshwa ndotoni. Ushahidi wa hili ni uzoefu wa watafutaji kuliko vipimo vya maabara, lakini umejirudia mno kupuuzwa.

Kama haji, weka chakula na maji mahali alipotorokea, maana wengi hurudi hapo usiku, pamoja na shati ulilolivaa bila kulifua. Saa ileile kila siku, mahali palepale. Akizoea, sogeza bakuli kidogo kidogo hadi ndani ya banda au ua wenye lango la kuvutwa kwa kamba. Ukitumia kizimba cha mtego, kiwe na urefu wa mita 1.5 hadi 2, na sakafu ya waya uifunike mchanga. Kizimba kifupi humwangushia mlango mgongoni au mkiani. Akichomoka hapo, hatakisogelea tena.

Wanakijiji wasaidie vipi? Waombe wapige simu tu: saa ngapi, wapi, alielekea upande gani. Hili huwafaa hata wasiopenda kugusa mbwa. Wengi pwani hii ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na udenda wa mbwa kwao ni najisi inayooshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Ajabu ni kwamba saluki huyuhuyu, kwa mabedui wa Uarabuni, alilala hemani na wenyewe.

Ukimshika, ondoa kosa jingine: huyu si lazima awe na njaa. Greihaundi mwenye afya huonyesha mbavu kadhaa za mwisho. Lakini kama kweli hajala siku nyingi, sufuria la ugali linaweza kumuua. Wanga mwingi wa ghafla hupandisha insulini, homoni ya kushusha sukari, nayo huvuta madini ya fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu na kuyaingiza kwenye chembe za mwili, hadi moyo ukayumba. Mbwa wa kilo 25 akiwa ametulia huhitaji takriban kilokalori 780 kwa siku. Siku ya kwanza mpe robo tu. Hiyo ni mayai mawili ya kuchemsha na gramu 30 za kuku asiye na mifupa, vyote vikigawanywa katika milo minne. Siku ya pili nusu, ya tatu robo tatu. Daktari wa mifugo akitaka kumlaza usingizi, mwambie mapema ni greihaundi: dawa za jamii ya thiopentali hukaa mwilini mwake muda mrefu kupita kawaida.

Kabla ya kumpa mtu mwingine, toa taarifa serikali ya mtaa na umngoje mwenyewe. Nyumba mpya iwe na ukuta wa mita 1.8, na isiwe na kuku wanaojitafutia uani; atawakimbiza, hilo halina mjadala. Mkanda wa kawaida haumfai, kwa kuwa shingo yake ni nene karibu sawa na kichwa, akirudi nyuma unavuka masikio. Tumia mpana wa sentimita 4 au 5 unaojikaza ukivutwa, pamoja na kamba ya pili inayozunguka kifua. Ufukwe wa Msimbati unavutia kumwachia akimbie. Usimwachie.